Maharage ya Darasa la Tano

Kengele ya chakula ilipolia, darasa la sita lilitoka la kwanza, kama kawaida. Wanafunzi wa madarasa mengine walibaki wamekaa, shingo zimewatoka madirishani, wakiwatazama wenzao wanavyokatiza uwanja na sahani zao kwa madaha. Kutangulia kwenye foleni ilikuwa zawadi. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu alikagua madarasa yote, na darasa lililoshinda kwa usafi lilipewa kibao cha kutundika mlangoni pamoja na haki ya kupakuliwa chakula kabla ya wengine. Tangu muhula uanze, kibao hicho hakikuwahi kutoka darasa la sita. Darasa la tano, ambalo lilipakana na bomba la maji na matope yake, lilishika mkia kila wiki, na kwa hiyo lilikula mwisho.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Jicho. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kilichompita. Penseli ikipotea, Jicho alikwisha mshuku mtu kabla mwenye penseli hajamaliza kuinama chini ya dawati. Mara moja moja alipatia. Mara nyingi penseli ilikutwa chini ya dawati.

Alinyoosha sahani. Mpishi akaweka wali, kisha akachota mchuzi wa maharage kwa upawa na kuumwagia juu. Mchuzi ulikuwa mwepesi. Ulipita katikati ya wali ukatulia chini ya sahani, na maharage yaliyobaki juu yangeenea kwenye kijiko kimoja, na nafasi ingebaki.

"Mama mpishi, mbona maharage hayapo?" Jicho aliuliza.

"Yapo, mwanangu. Sogea, wenzako wanangoja." Mpishi hakuinua uso. Jasho lilimtoka chini ya kitambaa cha kichwa, na mvuke wa sufuria ulimfunika mpaka mabegani.

Baada ya chakula kulikuwa na hesabu. Mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni, akageuka, akakuta nusu ya darasa wameegemea viganja na nusu nyingine wanapiga miayo. Mrefu, rafiki yake Jicho, alikuwa amelala kabisa, kalamu mkononi.

"Hili ndilo darasa safi kuliko yote," mwalimu alisema, "na ndilo lenye usingizi kuliko yote. Asubuhi mnanijibu vizuri. Mchana nafundisha kuta. Mtihani wa mwisho wa mwaka hautawangoja muamke."

Jicho alijikaza kufungua macho. Asubuhi alikuwa amekunywa chai tu, bila kitu cha kutafunia, kama wengi darasani, na tumbo lilikwisha anza kunguruma tena. Ng'ambo ya ukuta, darasa la tano walikuwa wakijibu kwa pamoja, sauti zimechangamka. Kisha wakaangua kicheko, na juu ya vicheko vyote kilisikika cha msichana mmoja. Huyo alijulikana shule nzima kwa jina la Kicheko. Alikuwa binti wa mpishi.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia Jicho, na kwa Jicho wasiwasi ukiingia haukuwa na haraka ya kutoka.

Siku ya pili alikula upesi, akaenda kujifanya anaosha sahani bombani. Darasa la tano walikuwa wameketi hapo karibu. Akachungulia sahani ya Kicheko. Maharage yalikuwa yamejaa mpaka wali hauonekani, na vipande vya karoti juu yake, na majani ya mboga.

"Leo mmepewa nini?" Jicho aliuliza.

"Si kama ninyi? Wali na maharage," alijibu Kicheko, akacheka, kwa sababu swali lenyewe lilimchekesha.

Jicho hakucheka. Alimvuta Mrefu nyuma ya ukuta wa choo, mahali ambapo mambo mazito ya shule hiyo yalizungumzwa.

"Mama yake ndiye mpishi," alinong'ona. "Sisi anatupa maji, mwanawe anampa maharage."

"Mbona darasa zima la tano wamepewa?"

"Ili tusishtuke. Ungekuwa wewe ungempa mwanao peke yake, watu wakuone?"

Mrefu alifikiri. "Mimi sina mtoto," alisema.

"Na ile ndoo je?"

Ndoo hiyo kila mtu aliifahamu. Kila siku, kazi ya jikoni ikiisha, mpishi alitoka getini na ndoo yenye mfuniko, akiinama upande mmoja kwa uzito. Hakuna aliyewahi kujiuliza ndani mna nini. Sasa Jicho alijiuliza, na jibu alikuwa nalo tayari.

Shule ilipofunga mchana huo walimfuata. Mpishi alitembea taratibu, akapita maduka, akapita gereji, akaingia kwenye uchochoro wa nyumba za mabati, na mwisho akafungua mlango wa uzio wa mbao. Jicho akabandika jicho kwenye ufa wa ubao. Mrefu, pamoja na urefu wake, hakupata pa kuchungulia.

Mpishi alifunua ndoo. Ilikuwa nusu. Ndani mlikuwa na maharage, kweli maharage, yameshikana mabonge, meusi meusi. Kuku walikuja mbio kutoka kila upande wa ua.

"Umeona nini?" Mrefu aliuliza.

"Maharage," Jicho alisema kwa furaha ya kupatia. "Twende."

"Mazima? Au makombo?"

"Maharage ni maharage."

Kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, habari ilikwisha zunguka shule. Jicho aliisimulia kwa kundi moja, kundi likasimulia kwa jingine, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Lakini chumvi ya kwanza aliitia Jicho mwenyewe. Alisema ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Hakusema kwamba yale maharage yalikuwa meusi, na kuku hakuwataja kabisa, kwa sababu kuku waliiharibu hadithi. Kufikia mapumziko, mpishi alikuwa anauza maharage sokoni. Mchana, alikuwa amejenga nyumba.

Kicheko alikula peke yake siku hiyo, karibu na bomba, sahani juu ya magoti. Wenzake walikuwa wamehama. Ng'ambo ya ukuta wa darasa la sita, saa ya hesabu, wanafunzi wa darasa la tano walicheka mara moja, lakini ile sauti ya juu haikusikika.

Jioni Jicho alimkuta mama yake barazani kwenye cherehani. Mama yake alikuwa mshonaji, na jioni hiyo alikuwa akikunja gauni la mteja. Juu ya gauni aliweka vipande vya kitambaa vilivyobaki, hata vile vidogo visivyofaa kitu, akafunga vyote pamoja kwa uzi.

"Mama, mbona unamrudishia takataka?"

"Kwa sababu nisipomrudishia, hata gauni likimkaa vizuri namna gani, atalala akisema nimemwibia kitambaa. Watu wanapenda kushuku, mwanangu. Na akisema, wateja wengine watamsikia." Akakata uzi kwa meno. "Nasikia huko shuleni mpishi wenu ni mdokozi. Nani kasema?"

"Mimi. Nimeona kwa macho yangu."

"Ulimuuliza mwenyewe?"

"Mwizi anaulizwa, mama?"

"Bado hujajua kama ni mwizi. Ulimuuliza?"

Jicho aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni. Mama yake akarudi kwenye cherehani yake. Jicho angeona afadhali kama angegombezwa.

Asubuhi aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma ya meza, na usoni hakuwa na furaha.

"Wazazi walikuja kwangu jana, wengine kwa hasira," alisema. "Wanasema chakula cha watoto kinaibwa, na wanasema wewe ndiye shahidi. Leo jioni kamati ya wazazi inakaa. Wakiridhika kwamba ni kweli, mama mpishi hatarudi hapa Jumatatu. Unanielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa mchana utasimama jikoni, toka sahani ya kwanza mpaka ya mwisho. Tumia hilo jicho lako. Jioni utakuja kuieleza kamati ulichokiona. Usiseme cha kuambiwa na mtu."

Jicho alitoka ofisini. Kumshuku mtu ukiwa nyuma ya ukuta wa choo lilikuwa jambo rahisi. Sasa riziki ya mtu mzima ilikuwa imewekwa mdomoni mwake.

Jiko la shule lilikuwa banda la mabati lenye nguzo na sakafu ya saruji iliyopasuka. Katikati, juu ya matofali, lilikaa sufuria jipya. Lililetwa wakati wa likizo kuchukua nafasi ya mawili madogo yaliyokuwa yanavuja, na lilikuwa refu, linamfika Jicho kifuani. Mpishi alikuwa amekwisha ambiwa kwa nini Jicho yupo pale. Hakumsemesha lolote, ila neno moja tu.

"Simama huku, mwanangu, moto usije ukakuunguza."

Jicho angependa atukanwe. Alisimama alipoonyeshwa, akakaza macho kwenye mikono ya mpishi.

Darasa la sita likaja. Mrefu, akipita na sahani, alimkonyeza Jicho. Upawa ulizama kidogo, ukatoka na mchuzi, ukamwaga maji. Sahani baada ya sahani, maji. Jicho alijisemea moyoni, nimemkamata. Likaja darasa la saba, na mchuzi ukaonekana na maharage kidogo. La nne wakapata zaidi. Wadogo wakapata zaidi ya hapo. Mkono wa mpishi ulikuwa uleule, unachovya na kumwaga bila kupumzika, na uso wake muda wote ulikuwa umeinama kwenye mvuke. Hakuwa akitazama ni nani anayenyoosha sahani.

Mwisho wakaja darasa la tano, na mwisho wao kabisa Kicheko. Jicho alisogea karibu. Sasa angalia, alijiambia, sasa atamchagulia. Mpishi alichota upawa mmoja, akamwaga, akasema "sogea" kama alivyowaambia wengine wote, na Kicheko akasogea bila kumtazama Jicho. Maharage yalijaa sahani yake. Lakini yalijaa pia kwenye sahani ya aliyemtangulia, na ya aliyemtangulia huyo.

Mkono wa mpishi ukiwa umezama mpaka begani, upawa uligonga chini ya sufuria, ukalia. Ndipo Jicho alipoacha kutazama mikono akatazama ndani ya sufuria. Chini kulikuwa na maharage na karoti tu, mchuzi umekwisha.

"Mama mpishi," aliita polepole, "mbona hukukoroga?"

"Nikoroge na nini?" Mpishi alichukua mwiko uliokuwa umeegemea ukuta, akausimamisha ndani ya sufuria. Mpini wote ulitumbukia ndani, na bado ncha ilikuwa inaning'inia, haijagusa chini. "Huu ni wa yale masufuria madogo. Nikitaka ufike chini ya hili, mkono wangu uingie kwenye mchuzi unaochemka. Nakoroga hapo juu tu, kule chini yanashika na kuungua kila siku. Nimeomba mwiko mrefu tangu tufungue shule."

Akavuta ndoo. Jicho aliifahamu mara moja. Mpishi akainama ndani ya sufuria na kuanza kukwangua ukoko. Ulitoka mabonge mabonge, meusi, maharage yameshikana. Ndoo ilifika nusu.

"Haya unayapeleka wapi?" Jicho aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa kuku wangu. Mtu gani atakula hivi? Naona uchungu kuyatupa."

"Niliona," Jicho alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikufuata mpaka kwako. Nilichungulia kwenye uzio."

Mpishi aliacha kukwangua. Alinyooka, akajishika kiuno, akamtazama msichana huyo.

"Ungepiga hodi," alisema. "Ningekufungulia."

Jicho alilia. Hakulia kwa kuogopa kuadhibiwa. Alikuwa anaona aibu, na aibu hiyo ilimwunguza kuliko moto uliokuwa mbele yake. Alipojifuta, alimweleza mpishi alichokiona kwenye sahani, maji kwa wa kwanza, maharage kwa wa mwisho. Mpishi alipigwa na butwaa.

"Mimi nilijua yanaungua tu," alisema. "Sahani zenu sizioni kwa huu mvuke. Yaani wa kwanza ndio wanaokosa? Na mnavyokimbilia kuwa wa kwanza!"

Mrefu na wenzake walikuwa wanamsubiri nje. "Umemkamata?" waliuliza kwa pamoja.

Jicho aliwatazama. Angeweza kusema ndiyo. Darasa zima lilitaka kusikia hivyo, na shule nzima ilikwisha amini. Akisema hapana, yeye ndiye angeitwa mwongo mpaka amalize shule. Alipita katikati yao bila kujibu.

Jioni kamati ilikaa darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mpishi alikuwa peke yake kwenye benchi la nyuma. Mama yake Jicho naye alikuwepo, mikono mapajani.

Jicho alisimama mbele. "Nilisema ndoo ilijaa," alianza. "Haikujaa. Ilikuwa nusu. Nilisema ni maharage, lakini sikusema kwamba yameungua. Nilijua yameungua, niliyaona meusi. Na alikuwa anawapa kuku. Hilo nalo sikulisema." Akavuta pumzi. Kisha akawaeleza habari ya sufuria, na mwiko usiofika chini, na maharage yanayozama, na darasa la sita linalokunywa maji kila siku kwa sababu ya kibao chake cha usafi. Mzazi mmoja alitaka kucheka, akajizuia.

"Mama mpishi hajaiba," Jicho alimaliza. "Mimi ndiye niliyemsingizia."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaisugua, akaivaa tena.

"Huo mwiko aliniomba mimi," alisema. "Akanikumbusha tena. Nikasema nitamwambia seremala, nikasahau. Na watu walipokuja hapa kusema ana mkono mrefu, nami nikaanza kumshuku, badala ya kukumbuka nilichosahau. Mama mpishi, tusamehe. Mimi kwanza."

Mpishi alisimama. "Nimesamehe, mwalimu. Kazi yangu naipenda. Ila mwanangu tangu jana anakula peke yake, na nyumbani hacheki. Hilo mimi siwezi kulitengeneza."

Watu wazima walitazama chini. Jicho alijua maneno hayo yalimlenga yeye.

Jumatatu asubuhi alimkuta Kicheko bombani. Alikuwa ametunga maneno mengi njiani, yote yakamponyoka. "Nilisema uongo juu ya mama yako," alisema tu. "Nisamehe."

Kicheko alikuwa anaosha mikono, na aliendelea kuiosha ingawa ilikuwa safi. "Waambie na wengine," alisema. "Uwaambie wewe."

Jicho aliwaambia. Alizunguka kundi kwa kundi, kama alivyozunguka na ile habari ya kwanza. Wengine walimzomea. Alivumilia, na mchana aliketi karibu na bomba na sahani yake, bila kukaribishwa na bila kufukuzwa.

Seremala alileta mwiko mpya, mrefu kama mpini wa jembe. Tangu siku hiyo mpishi alikoroga mpaka chini kabla ya kila darasa kupakuliwa, na ndoo yake ikawa nyepesi. Kuku ndio pekee waliopata hasara. Baada ya muda mwalimu wa hesabu aliingia darasa la sita mchana, akauliza swali, akaona mikono juu, akageukia dirisha kuhakikisha kama kweli si asubuhi. Mrefu alikuwa macho.

Mwalimu mkuu aliwakusanya wote uwanjani. "Wali unatia nguvu," aliwaambia, "lakini wali na maji hauchukui muda, njaa inarudi na akili inalala. Maharage yanajenga mwili na yanakaa tumboni, mboga na karoti zinaulinda mwili na maradhi. Ukivipata vyote kwenye sahani moja, unasoma mpaka jioni. Darasa la sita hawakuwa wavivu, walikuwa na njaa. Na mama mpishi hakuwa mwizi, alikuwa na mwiko mfupi. Tulipoona kasoro, sote tulitafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutafuta sababu. Anayeshuku na aulize kwanza, na anayesimulia asimulie yote aliyoyaona, bila kuongeza na bila kupunguza."

Ijumaa iliyofuata kibao cha usafi kilihama. Darasa la tano walikuwa wamejenga njia ya mawe kwenye matope yao, na mwalimu wa zamu hakupata kasoro yoyote. Jumatatu walitangulia wao, na darasa la sita wakashika mkia. Jicho alisimama mwisho kabisa wa foleni. Kabla hajafikiwa alimtazama Kicheko akipita na sahani yake, ya kwanza kabisa kupakuliwa. Ilikuwa na maharage. Zamu yake ilipofika akanyoosha yake. Mpishi alikoroga, akachota, akamwaga. Maharage yalikuwa kiasi kilekile.

Safari hii mpishi aliinua uso. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi nenda kaseme vilevile ulivyoona."

Kutoka bombani, juu ya sauti zote, Kicheko alikuwa anacheka.